Kipindupindu kimeingia kwenye nyumba yetu ya kupanga. Je, niache kuuza chakula?

Swali: Shikamoo Bibi Afya. Mimi ni mama lishe, nakaa Manzese, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye choo kimoja uani. Juzi usiku mpangaji mwenzetu alianza kuharisha na kutapika, asubuhi akapelekwa kambi ya kipindupindu. Tangu siku hiyo majirani hawagusi baraza letu, wateja wangu wamepungua, na mwenye nyumba anataka kukifunga choo. Maji tunanunua kwa madumu maana bomba ni la mgao. Nina watoto watatu, mdogo ana mwaka na nusu. Mkaa umepanda, siwezi kuchemsha kila tone. Nianzie wapi? Na biashara niache?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mwenzenu. Nikujibu kwanza yale ya haraka. Kama wewe na wanao hamharishi, biashara usiache, ila kuna vitu utaviondoa mezani leo hii, nitavitaja. Choo kisifungwe. Na kabla hujaendelea kusoma, mtume mtu duka la dawa akalete pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, ziwe chumbani mwako kabla jua halijazama. Usingoje mtu aanze kuharisha ndipo utafute hela na duka lililo wazi.

Sasa tuelewane ugonjwa huu unapitia wapi, kwa sababu naona mtaa wenu unajikinga na kisichoua na kukiacha kinachoua. Kimelea cha kipindupindu hutoka kwenye kinyesi na matapishi, na ili mtu augue ni lazima akimeze. Hakipiti kwa pumzi. Hakipiti kwa kukaa kiti kimoja kwenye daladala, wala kwa kupita barazani. Akishakimeza, dalili huanza baada ya saa chache hadi siku tano. Na jambo ambalo watu hawalijui: wengi wanaokimeza hawaugui kabisa, au huharisha kidogo wakasingizia maharage, lakini kinyesi chao hubeba vimelea kwa siku kadhaa, hata kumi. Kwa hiyo jirani anayezunguka njia ili asipite mlangoni kwenu, kisha jioni ananunua maji kwenye mkokoteni uleule mnaonunua ninyi, hajajikinga na chochote.

Tuanze na dumu, maana hapo ndipo penye uzito wa jibu langu lote. Siku moja chukua muda ulifuate dumu moja la maji kutoka linapojazwa. Utaona mpira wa kujazia umelala chini kwenye tope, kichwa chake kinaokotwa na kuingizwa ndani ya dumu. Utaona kijana wa mkokoteni anaziba mdomo wa dumu kwa kipande cha nailoni kilichokunjwa, akikisukuma ndani kwa kidole, na kidole hicho ndicho kilichotoka kupokea hela. Maji yakifika kwako unayamimina kwenye ndoo isiyo na mfuniko, watoto wanachota kwa kikombe na vidole vinazama. Kisima kinaweza kuwa salama kabisa na bado maji yakafika mdomoni yakiwa machafu. Mara nyingi kisima nacho si salama: visima vifupi vya mitaani kwetu vimechimbwa hatua chache tu kutoka vyoo vya shimo, na ardhi ya Dar, hasa mabondeni, hujaa maji wakati wa masika.

Bomba la mgao nalo lina hila yake. Maji yakikatika, bomba hubaki bila nguvu ya kusukuma, na palipo na ufa hufyonza maji machafu ya nje yanayolizunguka. Yakirudi, maji ya kwanza ndiyo hubeba huo uchafu. Yaache yatiririke kwenye ndoo ya kufulia au kudekia, kisha ndipo ukinge ya kunywa. Na hata hayo yatie dawa.

Hupaswi kuchemsha kila tone, na mwanamke yeyote anayenunua mkaa kwa kopo asiambiwe hivyo. Gawa maji yako mafungu mawili. Fungu dogo ni la kunywa, kupigia mswaki, kuoshea matunda, kuoshea vyombo vya mtoto na kuchanganyia ORS. Fungu kubwa ni la kufua, kuoga na kudeki. Fungu dogo ndilo ulilinde. Ukichemsha, yakishachemka kwa nguvu na mapovu makubwa kwa dakika moja yanatosha, hakuna haja ya kuunguza mkaa robo saa. Lakini kwa hali yako mimi ningekushauri klorini, ya vidonge au ya maji, inayouzwa maduka ya dawa. Kidonge cha miligramu 67 kimetengenezwa kwa dumu moja la lita 20 la maji meupe. Vidonge viko vya nguvu tofauti, kwa hiyo soma pakiti kwanza. Kama maji yana tope, yaache yatulie, yachuje kwa khanga safi iliyokunjwa mara nne, kisha fuata kipimo kilichoandikwa kwa maji machafu, ambacho kwa kawaida ni mara mbili. Tikisa, subiri nusu saa. Ukinusa harufu hafifu ya klorini baada ya hiyo nusu saa, dawa bado inafanya kazi. Harufu hiyo ndiyo ubora wa klorini juu ya kuchemsha: maji yaliyochemshwa yakishapoa hayana ulinzi wowote, kidole kimoja kikiingia yamechafuka tena, ila yenye klorini yanaendelea kujilinda kwa saa nyingi. Watoto wakilalamika harufu, acha chombo wazi kidogo kabla ya kuwapa, au mimina kutoka kikombe hadi kikombe.

Hifadhi maji hayo kwenye dumu lenye mdomo mdogo na mfuniko, au ndoo ya koki. Yamiminwe, yasichotwe. Hilo peke yake, bila hata dawa, linapunguza mengi.

Choo. Namwelewa mwenye nyumba, ameogopa. Lakini watu wa vyumba sita hawataacha kwenda haja kwa sababu choo kimefungwa kufuli. Watajisaidia kwenye ndoo usiku na kumwaga mtaroni, na mtaro wenu unaishia pale wanapochezea watoto. Mwambie hivyo, na kama hasikii, mpelekee mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Choo chenu kinahitaji mambo machache tu. Mlangoni, kwa nje, iwepo ndoo ya koki au kibuyu chirizi. Sabuni ya kipande ikiwekwa uani huibiwa au huliwa na kunguru, kwa hiyo chukueni chupa ya maji, tieni sabuni ya unga kidogo, toboeni kizibo kwa msumari na muining'inize. Ni rahisi, na hakuna anayeiba. Kisha kuna kopo la kutawadhia. Kila mtu hulishika, wengi hulishika tena kwa mkono uleule baada ya kumaliza, na halioshwi mwaka mzima. Lioshwe kwa maji ya jiki kila siku, pamoja na komeo la mlango na kishikio cha ndoo. Pangeni zamu kwa vyumba, jina likiandikwa ukutani.

Na kwa kuwa mvua iko njiani, lisemwe wazi: asitokee mtu wa kutapisha choo usiku wa mvua. Najua kinachowasukuma watu. Gari la kunyonya majitaka ni gharama, na vichochoro vingine gari halifiki. Lakini shimo likifunguliwa wakati wa mafuriko, kinyesi cha mgonjwa mmoja kinaweza kuingia kwenye visima vya mtaa mzima. Changeni vyumba vyote sita pamoja na mwenye nyumba, shimo linyonywe kabla halijajaa.

Sasa biashara yako. Kila mlipuko unapotokea mjini huja tangazo la kuzuia vyakula vya barabarani, na mara nyingi mama lishe ndiye wa kwanza kufukuzwa. Tangazo likitoka kwenye eneo lako litii, lakini nikupe maoni yangu kwa uwazi: wali na maharage vinavyotoka jikoni vikifuka moshi ni salama kuliko saladi ya hoteli yenye kiyoyozi. Moto huua kimelea hiki haraka. Hatari ya meza yako iko kwenye vitu vinne ambavyo havipiti motoni, yaani kachumbari, juisi, maji ya kunywa ya wateja na maji ya kunawa. Kachumbari ondoa kabisa hadi mlipuko uishe. Utaambiwa limau linaua. Ni kweli asidi ya limau humdhoofisha mdudu huyu, lakini malimau mawili kwenye beseni la nyanya si kinga ya kutegemea. Weka badala yake mchuzi wa nyanya uliopikwa, au mboga za majani za moto. Juisi ya kukamua acha, na barafu usinunue, kwa sababu ubaridi haumuui, humhifadhi tu. Maji ya mezani yawe yale ya dumu lenye dawa, na yatoke kwenye koki.

Beseni la kunawia ambalo wateja wote huchovya mikono humohumo, litupe nje ya biashara yako, mwanangu, si kwa mlipuko huu tu. Tumia birika au ndoo ya koki na ile chupa ya sabuni. Kwenye vyombo, beseni la mwisho la kusuuzia litie klorini na libadilishwe mara kwa mara, kisha sahani zianikwe kichanjani zikauke kwa jua. Kitambaa cha kufutia vyombo hukusanya vimelea vya sahani ya kwanza na kuvipaka sahani ya arobaini. Wali uliobaki usiuache umefunikwa kwenye sufuria hadi jioni ukauuza vuguvugu. Wali uliopoa ni chakula ambacho kimelea huyu hukua ndani yake vizuri sana. Pika kidogo mara mbili badala ya kingi mara moja, na kiporo kipashwe hadi kifuke mvuke. Dagaa, pweza na samaki wa soko la Feri wapikwe waive hadi ndani. Na siku wewe mwenyewe utakapoharisha, hata mara mbili tu, usishike mwiko. Mpe mwenzako akusaidie hadi upone na siku chache zipite.

Habari ya mtu kuugua usiku nimeiacha hadi sasa kwa makusudi, nipate nafasi ya kuieleza vizuri, kwa sababu kipindupindu huua kwa kukausha mwili, na kinaweza kuanza usiku. Mwaka 1997 Tanzania ilipata wagonjwa zaidi ya 40,000 na kupoteza watu zaidi ya 2,200. Mlipuko ulioanza Agosti 2015 hapahapa Dar es Salaam, wilaya ya Kinondoni, ulienea karibu nchi nzima na Zanzibar, na kufikia Aprili 2016 wagonjwa walikuwa zaidi ya 24,000, vifo chini ya 400. Mdudu ni yuleyule. Kinachoamua nani afe ni muda unaopita kati ya choo cha kwanza cha majimaji na kikombe cha kwanza cha maji yenye chumvi na sukari. Anayetibiwa mapema, uwezekano wa kufa ni chini ya mmoja kwa mia. Mgonjwa mahututi asiyetibiwa, karibu nusu yao hufa, na wengine hawafiki hata asubuhi, kwa sababu mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja.

Ukiona choo cheupe cheupe kama maji ya kuoshea mchele, usingoje kupambazuke. Fungua pakiti ya ORS, ichanganye na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kwa pakiti nyingi ni lita moja. Usiongeze sukari, usipunguze maji ili "iwe kali". Mdogo wako wa mwaka na nusu apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha, kwa kijiko, taratibu. Wanao wakubwa, kama hawajafika miaka kumi, nusu hadi kikombe kizima. Mtu mzima anywe kadiri awezavyo. Akitapika, subiri dakika kumi, anza tena polepole zaidi, usiache. Mtoto aendelee kunyonya. Pakiti ikikosekana kabisa, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vipimwe vikiwa sawa na ukingo, visiwe na kilima. Madafu ni mazuri kuongezea, lakini peke yake hayatoshi, chumvi yake ni ndogo. Soda usimpe. Dawa za kufunga tumbo usimpe, zinafungia ugonjwa ndani. Wala antibayotiki usinunue kwa kubahatisha, kambini ndiko wanakoamua nani anahitaji. ORS iliyochanganywa ikipita saa 24 imwage.

Kunywesha huku ni kwa njiani, si badala ya kwenda. Muondoke mara moja huku chupa iko mkononi. Macho yakiwa yameingia ndani, mkojo umekatika, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imekunjika badala ya kurudi, au mtu amelegea hawezi kunywa, hapo anahitaji dripu, na kila dakika ina thamani. Kubalianeni leo, vyumba vyote, nani ana bajaji au anamjua mwenye bajaji atakayepokea simu saa nane usiku, na nauli itoke wapi. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199. Dereva muwekeeni nailoni au kanga kuukuu kitini na mkisafishe kiti kwa jiki mkifika, ili kesho asikatae kumbeba mwingine.

Nimeona watu wakikaa ndani hadi alfajiri kwa kuona haya tu. Hawataki jirani asikie, hawataki nyumba ipakwe jina. Na kambi nayo wanaiogopa, kwa hiyo nikueleze ilivyo. Kuna vitanda vya turubai vyenye tundu katikati, chini ya tundu pana ndoo yenye alama za kipimo. Mtu aliyezoea stara akikiona kitanda hicho hushtuka. Ndoo ile ni ya kujua mgonjwa amepoteza lita ngapi ili arudishiwe lita hizohizo kwa dripu na kwa mdomo. Wengi huinuka na kukaa ndani ya siku moja, na kurudi nyumbani ndani ya siku tatu au nne. Waelezeni watu wa nyumba yenu hivyo, wasikie kabla hawajaugua.

Chumba cha mwenzenu kama hakijasafishwa, kisafisheni hivi. Jiki ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe 16 vya maji, inatosha kwa sakafu, kuta na vyombo. Imwagwe, ikae dakika kumi, ndipo mfute. Palipomwagika kinyesi au matapishi mimina jiki yenyewe bila kuizimua, isubiri, kisha kusanya ukiwa na glovu. Shuka zilowekwe kwenye maji ya jiki hiyo iliyozimuliwa, au zichemshwe, na zianikwe juani. Zisifuliwe kisimani. Jiki isichanganywe na sabuni ya tindikali ya chooni, hutoa hewa inayochoma mapafu.

Akirudi, mpokeeni. Kwa siku chache choo chake bado kinaweza kuwa na vimelea, kwa hiyo asipike chakula cha wengine na anawe kwa sabuni, basi. Kula naye, kaa naye. Ikitokea msiba mtaani kwa ugonjwa huu, ombeni bwana afya awepo: maiti huoshwa na kukafiniwa kwa heshima yake yote ya dini, ila kwa glovu na maji ya klorini, na walioosha wasiingie jikoni. Msibani pilau iliwe ya moto. Misiba imewahi kusambaza ugonjwa huu.

Najua utaona kampeni za kufagia mitaa na kuzibua mitaro. Desemba 2015 hata sherehe za Uhuru za tarehe 9 zilifutwa, Rais Magufuli akaagiza siku hiyo iwe ya usafi, kipindupindu kikiwa kinaendelea kuua. Shiriki, mitaro iliyozibuka hupunguza mafuriko ya vyoo. Lakini mtaa unaweza kung'aa na dumu lako likabaki vilevile. Kama mna nguvu ya kuomba jambo moja kwenye ofisi ya mtaa, ombeni mtu wa kusimama na klorini pale mikokoteni inapojazia maji, apime dawa kwenye kila dumu kabla halijaondoka. Mmoja mwenye bomba la sindano na ndoo ya dawa analinda mamia ya nyumba kwa siku.

Chanjo ipo, ni ya kumeza, dozi mbili, na kinga yake hudumu angalau miaka mitatu. Tangu Oktoba 2022, kwa upungufu wa dozi duniani, kampeni za dharura hutoa dozi moja, nayo kinga yake ni ya muda mfupi zaidi. Haiuzwi maduka ya kawaida, huletwa na serikali kwenye maeneo yaliyochaguliwa. Ikifika Manzese, nenda na wanao wote wenye umri kuanzia mwaka mmoja, huyo mdogo wako anaruhusiwa. Ila vidonge vya maji usiviache siku hiyo, kinga ya chanjo huchukua takriban wiki moja kujengeka.